Vipimo vyote ni safi, tumbo halitulii: huu utumbo nyeti huanzia wapi?

#1 BintiLangoni, Amu

Assalamu alaikum, wanajamvi. Naomba tuzungumze kwa makini kuhusu ugonjwa wa utumbo nyeti, ule ambao madaktari huuita IBS, kwa sababu nimeambiwa ninao na bado sijaelewa mtu huupataje. Nilikuwa mzima kabisa mpaka msimu mmoja wa masika, kisima cha uani kwetu kilipoingiwa na maji machafu na nyumba nzima ikaharisha. Wenzangu walipona, mimi nikabaki na masalia. Tumbo hunisokota chini ya kitovu, hasa asubuhi, na nikishatoka chooni hupata nafuu kwa muda. Kuna siku choo ni maji matupu, kuna siku ni kigumu hata nakaa nikikereka, na gesi hunijaa mpaka kanga niliyoifunga asubuhi huanza kunibana kufikia alasiri.

Nimemeza dawa za ameba mara nyingi, nimepimwa taifodi, nimepimwa damu, na mwishowe nikaingizwa kamera huko Mombasa, ambako kila kitu kilionekana kizima. Nyumbani wapo wasemao kwamba hizi ni fikra tu. Mimi nadai kwamba yale maji ndiyo yaliyoanzisha, hata kama vijidudu vyenyewe viliondoka zamani. Je, jambo hilo lawezekana? Mwenye elimu na mwenye uzoefu, wote nawakaribisha.

#2 NahodhaMstaafu, Matondoni

Waalaikum salaam, mwanangu. Hao ni ameba na hawajaondoka, wamejificha tu. Ameba akishajenga utumboni hatolewi na dawa ya siku chache, kwani hujikunja na kungoja dawa ipite, kisha hurudi. Baharini nimewaona vijana wengi wa namna hiyo. Chemsha sanamaki, yale majani ya kuendeshea tumbo, kila Ijumaa ujisafishe sawasawa, halafu urudie dawa upya.

#3 FundiMaabara, Malindi

Kwa heshima zote, mzee Nahodha, nalazimika kupinga, kwa kuwa kazi yangu ya kila siku ni kuangalia choo kwa darubini na jambo hili linawaumiza watu wengi hapa pwani.

Ninapoweka tone la choo juu ya kioo na kulitia rangi ya ayodini, huenda nikaona kifuko kidogo cha duara chenye viini vinne. Kifuko hicho chaweza kuwa cha Entamoeba histolytica, ambaye ndiye anayetoboa utumbo na kuleta damu, au chaweza kuwa cha Entamoeba dispar, ambaye hukaa utumboni bila kumdhuru mtu. Kwa macho hawa wawili hawatofautiani hata kidogo. Wataalamu walikubaliana mwaka 1993 kwamba ni vimelea wawili tofauti, na Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 1997 kwamba mtu asipewe dawa kwa sababu tu kifuko kimeonekana ikiwa hana dalili za ugonjwa wenyewe. Nikimwona ameba anayetembea na ndani yake mna chembe nyekundu za damu alizozimeza, hapo naandika kwa uhakika. Lakini nikiona kifuko peke yake, nikaandika neno "ameba" kwenye karatasi, mgonjwa huondoka na dawa, akirudi baada ya miezi miwili huondoka na nyingine, na tumbo lake liko pale pale.

Hali ni hiyo hiyo kwa kipimo cha Widal cha taifodi, ambacho huweza kuonyesha alama kwa mtu aliyewahi kuambukizwa au kuchanjwa zamani, au hata aliyepatwa na maambukizi mengine. Simaanishi kwamba ameba hayupo. Yupo, na ni hatari, lakini hawezi kubebeshwa kila tumbo la Amu na Malindi.

#4 TabibuWaMaweni, Malindi

BintiLangoni, dai lako lina msingi mkubwa kuliko unavyodhani, nami nitalieleza kwa urefu.

Mwezi wa Mei mwaka 2000, katika mji mdogo wa Walkerton nchini Kanada, mvua kubwa ilisomba samadi ya ng'ombe hadi kwenye kisima kilicholisha mabomba ya mji. Watu zaidi ya 2,300 waliugua na 7 wakafariki. Watafiti waliendelea kuwafuatilia wakazi baada ya mlipuko kutulia, na walipowachunguza watu zaidi ya 2,000 walikuta kwamba kati ya wale ambao hawakuugua, takriban 10 katika kila 100 walikuwa na dalili za utumbo nyeti, ilhali kati ya wale ambao kuhara kwao kulithibitishwa na wahudumu wa afya walikuwa 36 katika kila 100. Baada ya miaka 8 idadi ilikuwa imeshuka, lakini walikuwapo ambao hawajapona. Huko Bergen nchini Norwe nako, mwaka 2004, maji ya mji yaliingiwa na kimelea aitwaye giardia. Miaka 3 baadaye, kati ya waliougua, 46 katika kila 100 walikuwa na utumbo nyeti, wakati majirani zao ambao hawakuugua walikuwa 14 tu.

Kwa hiyo mdudu huondoka na athari ikabaki. Ndani ya ukuta wa utumbo mna neva zaidi ya milioni 100, na kando ya neva hizo hukaa chembe za kinga ambazo humwaga kemikali zinapohisi adui. Baada ya maambukizi makali, kwa baadhi ya watu chembe hizo hubaki nyingi kuliko kawaida na hubaki karibu mno na neva. Neva nazo huzoea kupiga kelele. Ndipo gesi ya kawaida, au choo cha kawaida kinachopita, huhisiwa kama maumivu. Jambo hili limepimwa: kipira kidogo huingizwa katika njia ya haja kubwa na kujazwa hewa taratibu, na wengi wa wenye ugonjwa huu huumia kwa hewa ndogo ambayo mtu mwingine angeihisi kuwa ni shinikizo tu.

Ndiyo maana kamera haikuona kitu. Kamera huona vidonda, uvimbe na damu. Haioni neva iliyokuwa nyeti. Madaktari hutumia vigezo vya Roma, vilivyosahihishwa mwaka 2016, na vyenyewe husema hivi: maumivu ya tumbo angalau siku moja kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, dalili ziwe zimeanza si chini ya miezi 6 nyuma, na maumivu yaambatane na mambo mawili kati ya matatu, yaani kwenda choo, kubadilika kwa idadi ya safari za chooni, au kubadilika kwa umbile la choo chenyewe. Ukijisoma katika mchango wako wa kwanza utaona umetaja kwenda choo na umbile la choo.

#5 NahodhaMstaafu, Matondoni

FundiMaabara, nimekusikia. Ila sanamaki siiachi.

#6 MwalimuMkomani, Amu

Namshukuru Tabibu kwa maelezo yaliyoshiba. Hata hivyo, naona yanamfaa BintiLangoni na hayanifai mimi, nami ninao ugonjwa huu huu kwa miaka mingi.

Mimi sikuharisha. Nilipewa kuongoza shule iliyokuwa na mgogoro mkubwa baina ya wazazi na walimu, na ndani ya muhula mmoja tumbo langu likageuka. Kila siku ya mkutano wa bodi nilikwenda chooni mara tatu kabla ya saa mbili asubuhi. Likizo ilipofika tumbo lilitulia lenyewe, na shule zilipofunguliwa lilianza tena. Nimestaafu sasa, mgogoro umekwisha, na bado tumbo halijarudi lilivyokuwa, jambo ambalo hunishangaza kuliko yote. Nilitarajia kwamba sababu ikiondoka na ugonjwa utaondoka.

Nasema haya ili isije ikasemwa kwamba kila mwenye utumbo nyeti alikunywa maji mabaya. Nasema pia kwamba mtu akiniambia "ni fikra" humaanisha kwamba najitakia, na hilo silikubali. Msokoto ninaousikia ni msokoto wa nyama na si wa mawazo.

#7 MamaMahamri, Amu

Poleni nyote. Mimi huuza mbaazi za nazi na mahamri kila asubuhi, na watu wa matumbo haya nawajua kwa majina, kwani huja wakisema, "Leo nipe mahamri matupu, mbaazi zitaniua." Hakuna aliyezungumza kuhusu chakula, na kwa maoni yangu ndicho chanzo. Mimi mwenyewe msimu wa maembe ukifika tumbo huvimba, hunguruma usiku kucha, na asubuhi ni mbio. Maembe yakiisha, nami natulia. Maziwa ya ng'ombe niliyaacha zamani. Kwa hiyo, badala ya kutafuta Kanada na Norwe, mwulizeni huyu binti amekula nini jana.

#8 TabibuWaMaweni, Malindi

MamaMahamri, swali lako ni zuri na Mwalimu pia nitamjibu.

Maembe yana sukari ya fruktosi kwa wingi, na utumbo mwembamba wa watu wengi hauwezi kuifyonza yote kwa mara moja. Mbaazi, kunde na maharagwe yana sukari nyingine ambazo binadamu yeyote hana kimeng'enya cha kuzivunja. Vitunguu maji, vitunguu saumu na ngano vina yake. Maziwa yana laktosi, na takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani hupoteza uwezo wa kuimeng'enya vizuri baada ya utoto. Sukari hizi zote zisipofyonzwa huvuta maji utumboni, na zikifika katika utumbo mpana bakteria huzichachua zikatoa gesi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash kule Melbourne walizikusanya katika mpango mmoja wa chakula: mgonjwa huziacha kwa wiki chache, kisha huzirudisha moja moja ili ajue ipi inamdhuru. Wali, samaki, mayai, viazi na ndizi ambazo hazijaiva sana huwa salama kwa wengi. Si mpango wa kudumu, na mtu mwembamba au mjamzito asiufuate peke yake.

Lakini gesi hiyo hutoka kwa kila mtu. Anayekula mbaazi zako na akaenda zake kazini amechachua sukari ile ile. Tofauti ni neva, na ndiyo maana naona chakula huchokoza ugonjwa ambao tayari upo, wala hakiuanzishi.

Mwalimu, ubongo na utumbo huzungumza pande zote mbili kupitia neva ya vagasi na homoni, na asilimia 90 au zaidi ya serotonini yote ya mwili, yaani kemikali ambayo neva hupelekeana habari kwayo, imo utumboni wala si kichwani. Hofu ya muda mrefu hubadilisha mwendo wa utumbo, kinga yake na hata upenyo wa ukuta wake. Njia uliyoingilia ni nyingine, nyumba mliyofikia ni moja.

#9 FundiMaabara, Malindi

Tabibu, hapo kwenye chakula ningependa kukuongezea jambo linalokupinga kidogo. Mwaka 2021 watafiti wa Leuven nchini Ubelgiji walichapisha kazi ya panya walioambukizwa bakteria wa tumbo huku wakilishwa aina fulani ya protini. Maambukizi yalipokwisha, panya wale waliendelea kuumwa kila walipopewa protini ile, kwa kuwa kinga ya utumbo iliizoea kama adui, mahali pale pale utumboni, bila mzio wowote kuonekana katika damu. Kisha waliwachoma sindano ndogo za ngano, gluteni (protini ya ngano), soya na maziwa wagonjwa 12 wa utumbo nyeti katika ukuta wa utumbo wenyewe, na wote 12 wakaonyesha mwitiko kwa angalau kimoja. Kati ya watu 8 wazima, ni 2 tu walioonyesha.

Kama hilo litathibitika kwa watu wengi zaidi, basi MamaMahamri na BintiLangoni wote wamesema kweli: maji mabaya yalifungua mlango, na kile kilicholiwa siku hizo za kuharisha ndicho kilichogeuka kuwa adui.

#10 MamaMahamri, Amu

Basi afikirie alikula nini siku zile. Na isiwe mbaazi zangu.

#11 BintiLangoni, Amu

Shangazi, siku zile nilikula uji wa mchele na chai ya maziwa tu. Mbaazi zako ziko salama. Chai ya maziwa ndiyo inayonitia shaka sasa.

#12 MkulimaGongoni

Naomba mniwie radhi nikikatiza, kwa sababu nina jambo ambalo sitaki lipite. Mtoto wa ndugu yangu aliambiwa hivi hivi kwamba ana utumbo nyeti na wasiwasi mwingi, katika zahanati moja ambayo sitaitaja, bila kupimwa chochote. Alikuwa akiamshwa usiku wa manane na kuharisha, alikuwa akiona damu, na suruali zake zikaanza kumvuka. Alipofikishwa kwa mtaalamu ilikutwa kwamba utumbo mpana wake ulikuwa umejaa vidonda vya ugonjwa unaovimbisha ukuta wa utumbo, ambao una dawa zake na ambao haukupaswa kusubiri. Basi kabla hatujaendelea kufurahia elimu hii, nataka Tabibu aandike waziwazi ni dalili zipi zinazomtoa mtu kwenye utumbo nyeti.

#13 TabibuWaMaweni, Malindi

Ahsante sana, ndugu Mkulima. Damu katika choo, kupungua uzito bila kukusudia, homa, upungufu wa damu, kuharisha kunakomwamsha mtu usingizini, uvimbe unaoshikika tumboni, dalili zinazoanza baada ya umri wa miaka 50, au kuwa na mzazi au ndugu aliyepata saratani ya utumbo mpana. Mwenye mojawapo asikubali jina la utumbo nyeti mpaka achunguzwe. Utumbo nyeti husumbua na hupunguza furaha ya mtu, lakini hautoi damu na hauli mwili.

#14 FundiMaabara, Malindi

Nyongeza fupi: kipo kipimo cha choo kiitwacho kalprotektini, ambacho hupanda ukuta wa utumbo ukiwa na uvimbe wa kweli na kwa kawaida hubaki chini kwa mwenye utumbo nyeti. Hakipatikani kila mahali hapa kwetu, lakini maabara kubwa za Mombasa huweza kukipokea. Mwenye kuharisha zaidi apimwe pia damu kwa ugonjwa wa seliaki, yaani mwili kuikataa gluteni ya ngano.

#15 BibiWaShela, Amu

Wanangu, nimesoma yote. Sisi tuliokua zamani tuliliita hili chango, na wazee wetu waliligawa kwa namna zake: lipo la kusokota, lipo la kuvimbisha, lipo la wanawake linalopanda karibu na siku za hedhi. Mama yangu alikuwa akitwanga bizari nyembamba na tangawizi, akachemsha, akampa mtu anywe ikiwa moto, kisha akamkanda tumbo kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa, kutoka kulia kwenda kushoto, polepole, huku akimsomea. Wengi walilala palepale. Wengine walipewa kombe, yaani maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa, kwa kuhofia kijicho. Mtaniambia si sayansi, lakini mbona walipata nafuu?

#16 MwanafunziUuguzi, Malindi

Shikamoo, Bibi. Kuhusu hedhi umesema jambo ambalo hata vitabu vyetu vinalo. Katika nchi nyingi wanawake wanaougua utumbo nyeti ni wengi kuliko wanaume, na wengi wao husema kwamba dalili huzidi siku za hedhi, homoni zinapobadilika. Na ule ukandaji wa kulia kwenda kushoto wafuata njia ya utumbo mpana wenyewe, ambao hupanda kulia, hukata juu, na hushuka kushoto.

#17 MwalimuMkomani, Amu

Nami ningependa kumjibu Bibi, kwa kuwa swali lake limenigusa. Mwaka 1984 madaktari wa Manchester walichapisha matokeo ya kuwatuliza wagonjwa sugu wa utumbo nyeti kwa sauti na maneno peke yake, wakiwalaza katika utulivu mzito na kuwaongoza waone tumbo lao limetulia, na waliotulizwa hivyo walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa mazungumzo ya kawaida. Tiba hiyo inatumika hadi leo. Kwangu mimi, kisomo cha mama yake Bibi, pamoja na mikono ya joto na mtu unayemwamini, kiliufikia utumbo kwa njia ambayo neva zinaielewa. Sishindani na imani katika hili. Qurani ni shifaa kwetu na haituzuii kwenda hospitali.

#18 NahodhaMstaafu, Matondoni

Bizari nyembamba wameikubali, sanamaki yangu wameikataa.

#19 TabibuWaMaweni, Malindi

Mzee wangu, sanamaki ni dawa ya kweli, na kiwandani hutengenezewa vidonge, lakini kazi yake ni kuuminya utumbo mpana ili utoe. Mtu ambaye utumbo wake tayari unasokota na kubadilika kama wa BintiLangoni, ukimnywesha kila Ijumaa utamwongezea msokoto, na siku atakazofunga choo hatajua ni ugonjwa au ni kuzoea dawa. Kwa mwenye choo kigumu ningeanza na maganda ya ispaghula, yale yauzwayo madukani na kukorogwa katika maji mengi, kidogo kidogo. Pumba za ngano huwaongezea wengi gesi.

#20 FundiMaabara, Malindi

Kuna njia moja ambayo bado hatujaitaja, nami huiwaza kila ninapoona mgonjwa anarudi na karatasi ya dawa zile zile. Utumbo mpana una bakteria wengi mno ambao ni wenyeji halali. Kila dozi ya metronidazoli, ile dawa ya ameba, na kila dozi ya antibiotiki za taifodi ambayo haikuhitajika, huwapunguza wenyeji hao bila kuchagua. Tafiti kadhaa zimeona kwamba waliotumia antibiotiki hupata dalili za utumbo nyeti mara nyingi zaidi kuliko wasiotumia. Wapo pia wasemao kwamba bakteria wa utumbo mpana hupanda na kuzaliana katika utumbo mwembamba, mahali pasipo pao, na ndipo gesi inapoanza mapema baada ya kula. Naogopa kwamba baadhi ya matumbo ya hapa pwani yalianzishwa na kuharisha na yakaendelezwa na matibabu.

#21 TabibuWaMaweni, Malindi

Kuhusu antibiotiki nakubaliana nawe. Kuhusu bakteria wa utumbo mwembamba, nashauri tuwe waangalifu, kwa kuwa kipimo cha pumzi kinachotumika sana huweza kudanganya: mgonjwa hunyweshwa sukari, na ikiwa utumbo wake unakimbia, sukari hufika utumbo mpana upesi na gesi ikaonekana kana kwamba imetoka juu. Mwenye kuharisha tu, bila siku za choo kigumu, huenda ana tatizo la asidi za nyongo ambazo hazifyonzwi vizuri mwishoni mwa utumbo mwembamba. Hao si wachache, huitwa utumbo nyeti kimakosa, na dawa yao ni tofauti kabisa.

#22 BintiLangoni, Amu

Nimejifunza mengi, Mungu awalipe. Nina swali ambalo limenijia nikimsoma Bibi. Mama yangu ana tumbo hili, na nyanya yangu alikuwa nalo. Je, hurithiwa?

#23 MwanafunziUuguzi, Malindi

Dada, utafiti mkubwa wa mwaka 2021 uliolinganisha jeni za watu zaidi ya 50,000 wenye ugonjwa huu na za wengine wengi wasio nao uliona sehemu 6 za jeni zinazohusiana nao, na kadhaa kati ya hizo huhusiana pia na wasiwasi na huzuni. Watafiti wenyewe walitahadharisha kwamba hilo halimaanishi wasiwasi ndio unaoleta tumbo. Yawezekana mzizi mmoja umetoa matawi mawili. Mchango wa kila sehemu ni mdogo sana.

#24 MwalimuMkomani, Amu

Pia mama, nyanya na binti wamekunywa maji ya kisima kimoja, wamekula chungu kimoja, na binti amejifunza tangu utoto jinsi mamake anavyolihofia tumbo lake. Sijui jeni zitatenganishwaje na hayo.

#25 NahodhaMstaafu, Matondoni

Sasa nami nina swali la kweli, wala si la kubishana. Mimi na ndugu yangu tuliharisha pamoja tulipokuwa vijana, kisiwani Pate, kwa maji ya birika moja. Mimi mpaka leo nala nitakacho. Yeye, tangu siku ile, hawezi kusafiri bila kwanza kuuliza choo kiko wapi. Amekataa safari, amekataa hata harusi. Jeni zetu ni za baba mmoja na mama mmoja. Chakula kilikuwa kimoja. Kwa nini yeye?

#26 TabibuWaMaweni, Malindi

Mzee Nahodha, kule Walkerton walijiuliza hivyo hivyo, kwa kuwa wengi waliokunywa maji yale hawakubaki na ugonjwa. Walioelekea kubaki nao ni wanawake, vijana, walioharisha zaidi ya wiki moja, waliotoa damu, waliokonda sana wakati wa ugonjwa, na waliokuwa na wasiwasi au huzuni kabla. Je, nduguyo aliugua kwa muda mrefu kukuzidi?

#27 NahodhaMstaafu, Matondoni

Alizidi. Na ilikuwa mwaka ambao mkewe wa kwanza alifariki. Sikuwahi kuyaweka mambo hayo pamoja. Ila alikuwapo mwingine wa tatu, binamu yetu, aliyeugua kuliko sote na akapona kama si yeye.

#28 FundiMaabara, Malindi

Huyo binamu anaiharibu hesabu ya Tabibu, na angefaa kupimwa kuliko sisi wote.

#29 BibiWaShela, Amu

Binti yangu, nawe je? Katika nyumba yenu ni nani aliyeugua zaidi?

#30 BintiLangoni, Amu

Ni mimi, Bibi. Niliendelea kuharisha wengine walipokuwa wamerudi kazini, na ndimi niliyekuwa nikiwauguza watoto usiku, na mchana nikisomea mtihani wa chuo. Nilipewa antibiotiki mbili tofauti, kisha dawa ya ameba juu yake, na mama alikuwa na tumbo hili kabla yangu. Nikiyapanga yote mliyoyataja, sioni ambalo sina, na sijui lipi nilitoe kwanza. Nimeacha maziwa tangu juzi na gesi imepungua, ingawa msokoto wa asubuhi bado upo. FundiMaabara, kile kipimo cha damu cha seliaki, je, nikifanye kabla sijaacha ngano au baada?

#31 FundiMaabara, Malindi

Kabla, dada. Ukiacha ngano kwanza, alama tunazozitafuta katika damu hushuka na kipimo hudanganya. Endelea kula mahamri ya MamaMahamri mpaka siku ya kupimwa.

#32 MamaMahamri, Amu

Yatakuwapo kuanzia saa kumi na mbili. Mbaazi nitamwekea pembeni.